Mboga Zinazomfaa Mbwa na Zile Zinazomdhuru

Katika wilaya za Mbulu na Hanang mbwa hafugwi kwa pambo. Usiku hulinda zizi dhidi ya fisi, na mchana hufuatana na wachungaji malishoni. Chakula chake ni makombo: ugali uliobaki, ukoko, mifupa, na mchuzi uliosalia chunguni. Katika mchuzi huo ndimo ilimo hatari ambayo wafugaji wengi hawaidhanii.

Mbwa ana asili ya kula nyama, lakini kuishi na mkulima kumembadili. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwa mwitu wa nchi za baridi ana nakala 2 tu za jeni la kutengenezea amilesi, yaani kimeng'enya kinachovunja wanga, ilhali mbwa wa kufugwa huwa na nakala 4 hadi 30. Ndiyo sababu ugali humshibisha. Hata hivyo, si kila kitokacho shambani kinamfaa.

Mbulu inasifika kwa kilimo cha vitunguu saumu. Mmea huo, pamoja na kitunguu maji, una kemikali za salfa ambazo huharibu himoglobini ya mbwa hata chembe nyekundu za damu zikapasuka. Kitunguu maji kinachozidi nusu ya asilimia moja ya uzito wa mbwa kikiliwa kwa mara moja chaweza kumdhuru. Kwa mbwa wa kilo 15 hizo ni gramu 75, yaani kitunguu kimoja cha wastani. Kitunguu saumu kina nguvu zaidi kwa uzito ule ule, na wala kukaanga, kuchemsha au kukausha hakuondoi sumu hiyo.

Dalili aghalabu hukawia siku kadhaa. Ufizi hupauka, mbwa huhema na kulegea, na mkojo hugeuka kuwa mwekundu au wa rangi ya kahawa. Mwenye mbwa hulaumu kupe, na si ajabu, kwa maana ugonjwa wa babesia unaoletwa na kupe huonyesha dalili zizo hizo. Kwa hiyo bwana mifugo hana budi kuelezwa mbwa alikula nini wiki hiyo. Sumu hii haina dawa ya kuitangua. Mbwa aliyezidiwa huhitaji kuongezewa damu, huduma isiyopatikana kwa urahisi vijijini.

Vyakula salama havikosekani. Karoti, boga na viazi vitamu vilivyochemshwa bila chumvi, maharage machanga ya maganda, na tango humfaa, mradi vikatwe vipande vidogo na visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku. Maharage makavu sharti yaive kabisa. Viazi mviringo vyenye rangi ya kijani au vilivyochipua visitolewe.

Wakati wa mavuno huleta mashaka mengine mawili. Gunzi lililomezwa huziba utumbo, na mara nyingi huondolewa kwa upasuaji tu. Aidha, mahindi yaliyoota ukungu hutupiwa mbwa kwa kuwa hayafai kwa watu. Sumukuvu iliyomo, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, hushambulia ini la mbwa vilevile, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi zaidi.