Sijida ya Shukrani, na Adabu yake Mbele ya Aliyefiwa

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, asikiaye dua za waja wake, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baad. Watu wa pwani waijua njia ya bara kwa khabari za wazee: kutoka Bagamoyo hata Tabora katika Unyanyembe, na kutoka Tabora hata Ujiji, ukingoni mwa ziwa Tanganyika. Njia hiyo ilipitisha pembe na nguo, ikapitisha wanaadamu waliotiwa utumwani, ikaupitisha na Uislamu. Misafara ilibeba maradhi pia. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kilifuatana na wasafiri wa biashara hata kikaingia Unguja, kikaua watu wengi mno. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, misafara ilikoma. Wallakini maradhi hayakukoma.

Mwezi wa Mei mwaka 2015 watu wa Burundi walikimbia fitina ya nchi yao. Wapata 50,000 walikusanyika Kagunga, kijiji kilicho kaskazini ya Kigoma, nyuma yake milima na mbele yake ziwa. Maji safi hayakutosha, vyoo havikutosha, na kipindupindu kikazuka. Meli ya Liemba, iliyoshushwa majini Kigoma tangu mwaka 1915, iliwachukua watu kama 600 kwa safari moja hata Kigoma mjini, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Mwisho wa mwezi ule wagonjwa walikuwa wamefika 3,000, na waliokufa wapata 30. Waganga walikwenda, na pamoja nao watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu, wakawanywesha wagonjwa maji ya chumvi na sukari, wakatia dawa katika maji ya kunywa. Kazi hiyo haina sifa machoni pa watu, na thamani yake ni kubwa.

Basi mzazi aliyebaki nyumbani, mwanawe yuko kwenye kazi kama hiyo, hulala na khofu na huamka na dua. Mwana akirudi salama, afanye nini?

Jambo la kwanza ni sijida ya shukrani. Kaab bin Malik (R.A.), baada ya vita vya Tabuk mwaka wa 9 wa Hijra, alipolisikia tangazo ya kuwa toba yake imekubaliwa, alianguka akasujudu. Kisha akavua nguo zake mbili akampa aliyemletea bishara, naye siku ile hakuwa na nguo nyingine, akaazima za kuvaa. Katika madhehebu ya Imam Shafii sijida hii ni sunna inapozuka neema au inapoondoka balaa. Ni moja tu, na sharti zake ni kama za sala: udhu, kuelekea kibla, takbira na salamu. Haifanywi ndani ya sala. Afanyaye kwa makusudi sala yake imebatilika. Tena haicheleweshwi, kwani muda ukipita sana wakati wake umekwisha.

Jambo la pili ndilo wanaloghafilika nalo watu wengi. Mtu hukaa barazani akasema, "Niliomba, na Mungu akanipokelea," na ubavuni mwake ameketi mwenziwe aliyeomba dua ile ile, na wa kwake akazikwa. Je, huyu wa pili dua yake imetupwa? Hasha. Imepokewa katika Hadithi ya kuwa Mwislamu aombaye pasipo dhambi wala kukata udugu hupewa moja katika matatu: ataletewa alichoomba, au atawekewa Akhera, au ataepushwa na shari mfano wake. Kwa hiyo kurudi kwa mwana si cheti cha ucha Mungu wa baba yake, wala maiti si hoja juu ya wazazi wake.

Na Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa pwani kwa vizazi vingi, amebainisha ya kuwa mtu akimwona aliyepatwa na balaa, naye mwenyewe amesalimika, husujudu kushukuru, lakini humficha yule sijida yake, asije akamvunja moyo. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mgonjwa apitaye njiani, jirani aliyefiwa ana haki zaidi ya kusitiriwa.

Shukrani ya watu nayo isiachwe, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) amefundisha ya kuwa asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu. Wamo katika hao mabaharia wa meli na wauguzi, hata wawe wa dini nyingine. Na atakaye kutoa sadaka kwa furaha yake, wafiwa wana nafasi ya mbele kuliko karamu.

Basi khabari njema ikimfikia mtu kwa simu sokoni, hana udhu, na ashukuru kwa ulimi, kisha aharakie maji. Na ikimfikia katika matanga ya mwingine, na ainuke kwa upole, aende kwake, asujudu huko. Wallahu aalam.