SOMO LA AFYA: Mpango wa baada ya kujifungua hufanywa kabla ya kujifungua

Wajawazito wengi hupanga mapema hospitali watakayojifungulia, usafiri na nguo za mtoto. Kinachosahaulika ni siku zinazofuata. Mama huruhusiwa kwenda nyumbani, na mara nyingi hurudi kituoni wiki ya sita mtoto anapoletwa chanjo. Mtoto hupimwa uzani na kuchanjwa. Mama huondoka bila kupimwa chochote.

Pengo hilo ni hatari. Kuvuja damu kupita kiasi hutokea zaidi katika saa 24 za kwanza. Maambukizi ya kizazi huweza kuanza siku kadhaa baadaye, na presha huweza kupanda hata kwa mama ambaye hakuwa nayo akiwa mjamzito.

Kwa sababu hiyo, Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2022, linapendekeza mama na mtoto waonwe angalau mara nne: ndani ya saa 24, kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya sita.

Katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, mama na mkunga wake wanafaa kukubaliana kuhusu mambo haya:

1. Mama atakaa wapi? Wengi huenda kulelewa kwa mama mzazi au kwa mama mkwe, mbali na kliniki yao. Mkunga akijua, atamwelekeza kwenye kituo cha karibu na huko. Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto kisiachwe nyumbani.

2. Ana historia gani? Aliyewahi kuwa na presha, kisukari, upungufu wa damu au kujifungua kwa upasuaji huenda akahitaji kuonwa mara nyingi zaidi.

3. Uzazi wa mpango. Baadhi ya njia, kama koili, zinaweza kuwekwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua. Uamuzi ukifanywa mapema, mama hulazimiki kuamua akiwa amechoka.

4. Nani atamsaidia? Kunyonyesha bila kumpa mtoto kitu kingine kwa miezi sita kunahitaji mama apate chakula na mapumziko. Baba ashirikishwe. Huzuni ya siku za mwanzo hupita. Ikizidi wiki mbili, mkunga aelezwe.

5. Dharura. Ijulikane nani ataitwa usiku, gari litatoka wapi na nauli iko kwa nani.

Mama arudi kituoni mara moja, bila kungoja tarehe ya kliniki, akiona dalili hizi: kuvuja damu nyingi, kuumwa sana na kichwa, kuona ukungu, degedege, homa, uchafu wenye harufu mbaya, kupumua kwa shida, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kwa mtoto: kukataa kunyonya, kupumua haraka, mwili kuwa moto au baridi sana, macho au ngozi kuwa ya manjano, na kitovu kutoa usaha.

Wiki ya sita ikifika, mama naye ana haki ya kupimwa: presha, damu, matiti, tumbo na mshono. Mkunga asipomwita, na aulize. Asiyeweza kufika kituoni amjulishe mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake.