Marashi ya Beyoncé Mbele ya Moshi wa Makaa

Binti wa kaka yangu, aliyepata kazi ya ukarani mjini Goma, aliniletea swali ambalo kwa wengine lingeonekana dogo, nalo ni hili: je, marashi ya Heat, yale yaliyobandikwa jina la Beyoncé, yafaa kuvaliwa kila siku ya kazi, au ni ya harusini tu? Nikamjibu kwamba swali la namna hiyo halijibiwi kwa mdomo bali kwa pua, tena pua iliyopewa muhula. Basi tukafuatana hadi Birere, mtaa ule wa maduka yaliyobanana karibu na mpaka, na huko ndiko nilikokutana na muuzaji aliyenighadhibisha hata nikaona ni haki ya wasomaji wangu kuandikiwa maneno haya.

Muuzaji huyo, ambaye jina lake nalisitiri ingawa ulimi wanitekenya, alikuwa ameyapanga manukato yake nyuma ya kioo kwa utaratibu wa kupendeza, nami nilipomwomba kwa adabu anipulizie kidogo tu kwenye kiwiko, alikivua kifuniko cha chupa akaninyooshea puani, akisema, "Nusa hapa, Mama, ni ileile." Waama, kifuniko cha marashi ni shahidi wa uongo kupita mashahidi wote, kwa kuwa kimekwisha kunuswa na nusu ya wapita njia wa Birere, kimeshikwa na mikono iliyotoka kuhesabu noti za faranga, na kilichosalia ndani yake ni ule uzito wa mwisho uliokauka zamani, ilhali mwanzo wa marashi na kati yake vimekwisha potea hewani. Nilipomweleza hayo alicheka, akaigonga chupa kwa ukucha, akasema, "Mama, hii ni ya Beyoncé mwenyewe, unataka nini tena?" Bei yake dola 35, na hapunguzi.

Ya Beyoncé mwenyewe! Marashi hayo yalitolewa mwaka 2010 na kampuni ya Coty, iliyoasisiwa Paris mwaka 1904, na waliokaa wakayachanganya ni mafundi wawili wa manukato, Claude Dir na Olivier Gillotin. Mwimbaji aliridhia, akatoa jina lake na sura yake, na hilo si dogo, walakini si yeye aliyeshika mizani. Biashara hii ina mizizi mirefu kuliko wadhaniavyo vijana. Elizabeth Taylor alitoa White Diamonds mwaka 1991, na hata baada ya kufariki kwake mwaka 2011 chupa zake hazikuacha kuuzwa. Jennifer Lopez akafuata na Glow mwaka 2002. Na jirani yetu wa Tanzania, Diamond Platnumz, naye hakutaka kuachwa nyuma, akatoa Chibu mwaka 2017. Mimi siyadharau marashi ya mastaa. Mengi yake yametengenezwa na mikono ileile inayotengeneza yale ya fahari yauzwayo kwa bei mara tatu, na nimepata kunusa ya fahari yaliyonichefua. Ninachokataa ni kuuziwa jina mahali pa harufu.

Tulitoka dukani humo bila kununua, na milango miwili mbele tukamkuta mama mmoja ameketi juu ya kigoda, mbele yake meza ya mafuta ya nywele, sabuni, na chupa hiyohiyo nyekundu. Yeye hakungoja kuombwa mara ya pili. Alinipulizia kwenye kiwiko, kisha nilipomtolea vipande vya kitenge nilivyokuja navyo mkobani akavipulizia navyo pia, akanitazama kwa mshangao kidogo, akasema, "Enda nayo, Mama, utarudi." Yule wa kwanza alikuwa amesimama mlangoni pake akiyaona yote, na mimi, Mungu anisamehe, nilichelewesha makusudi kuagana na yule mama.

Nimekusudia kueleza kwa hatua, ili mwenye haraka afaidike. Hatua ya kwanza ni kujihadhari na ghashi: tazama namba ndogo iliyopigwa chini ya kisanduku na ile iliyo chini ya chupa, na zikitofautiana, rudisha pasipo mabishano. Ya kwamba marashi hayasuguliwi mikononi, na ya kwamba yaliyoandikwa "eau de parfum" aghalabu hudumu kuliko yaliyoandikwa "eau de toilette", mwayajua. Pua ikichoka, nusa mkono wako wa kanzu usiopuliziwa kitu. Mambo ya kunusia buni za kahawa waachieni wenye maduka ya uwanja wa ndege.

Hatua ya pili ndiyo muradi wangu, nayo sikuitoa kitabuni. Rumangabo, ninakokaa, kama ijulikanavyo, ndipo yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, na hapa wamelelewa mbwa wa kunusa, wale wakubwa wenye masikio marefu yaliyolegea, wafunzwao kufuata nyayo za majangili. Jirani mmoja aijuaye kazi hiyo alinieleza zamani kwamba mbwa huanzishwa kwa kunusishwa kitu alichokigusa yule anayetafutwa, kitambaa kwa mfano, maana kitambaa hushika harufu na kuihifadhi. Neno hilo lilinikaa. Nikajiuliza: ikiwa kitambaa chamtosha mbwa kumjua mtu msituni, kwa nini kisinitoshe mimi kuyajua marashi? Ngozi ina joto na mafuta yake, nayo huyaharakisha na kuyageuza. Kitambaa huyaacha yaseme polepole.

Basi nachukua kitenge kikuukuu kilichofuliwa mara nyingi, nakisuuza kwa maji matupu ili kisibaki na harufu ya sabuni, nakikata vipande vitatu, na kila kipande chapuliziwa mara moja. Cha kwanza nakifungia katika kopo lenye kifuniko. Cha pili nakitia katika mkunjo wa nguo niliyovaa, nisafiri nacho. Cha tatu, na hapa ndipo wengi hunicheka, nakitundika jikoni, juu kidogo ya mbabula, makaa yakiwaka na maharagwe yakichemka. Maana yake ni kwamba mwanamke wa huku haendi kazini akitokea katika chumba cha kioo. Atokea jikoni, apanda pikipiki, ashuka katika vumbi jeusi la mawe ya volkano, akiwa na bahati mbaya hukalia kiti kimoja na mwenye ndoo ya samaki wa sambaza. Marashi yasiyoweza kukaa pamoja na hayo yote ni ya kabatini.

Safari ya kurudi Rumangabo ilinifundisha mengi. Tulipopita Kibati, kiwiko changu kilikuwa kingali chanukia pichi na maua, utamu ule wa mwanzo ambao ndio huwauzia watu chupa. Tulipopanda Kibumba, penye baridi na mashamba ya kabichi, nikainamisha pua nisipate kitu, kwa sababu baridi huyazuia marashi kuruka, na anayejimwagia tena kwa kuwa hasikii harufu huja kuwatesa wenzake atakaposhuka penye jua. Rugari kukawa na joto kidogo, na harufu ikarejea, sasa lozi na vanila, nzito kuliko nilivyotaka kwa ofisi.

Asubuhi ya pili nilimwita mama wa jirani, nisimwambie kitu, nikampa vipande vyote vitatu. Cha kopo alikirudisha upesi, akasema kina utamu wa kuziba kifua. Cha safarini alikipenda nusunusu. Cha jikoni alikishika muda mrefu, akauliza kama nimepata udi kutoka pwani. Nilistaajabu, kwani mimi nilitaraji moshi ungekiharibu. Kumbe moshi ulikuwa umeufunika utamu, ukaacha ile ambari na miski ya chini. Na hapo nikawakumbuka mabibi wa Unguja na Mombasa, ambao tangu kale huzifukiza nguo zao juu ya chetezo kabla ya kuvaa, na sidhani walikuwa wajinga.

Kwa hiyo nilimjibu binti yangu hivi: Heat yamfaa kila siku kwa sharti moja, ayapulizie mara moja tu kwenye pindo la ndani la kitenge, usiku wa kuamkia kazi, na nguo ilale imetundikwa mahali penye hewa. Shingoni asiweke, hasa akipanda pikipiki, kwa kumwonea huruma abiria wa nyuma yake. Siku ya harusi na afanye apendavyo.

Chupa tuliinunua kwa yule mama wa kigodani, kwa dola 28, naye akatuongeza sabuni. Binti huiweka katika mtoto wa meza ofisini, na jina la Beyoncé amelibandikia plasta, kwa sababu wenzake wakiliona tu huomba kupuliziwa.