Karani si Kadhi

Wengi hupoteza haki zao mlangoni kabla ya kufika barazani. Mjane apeleka hati ya mirathi Mahakama ya Kadhi, karani aitazama, amrudishia, amwambia: "Haipokelewi." Mjane arudi nyumbani akidhani amekwisha hukumiwa. La, hajahukumiwa. Kazi ya karani ni kupokea hati na kutazama kama imetimiza sharti zake, kama ada na sahihi. Kupima nani mwenye haki ni kazi ya kadhi.

Basi afanyeje? Kwanza, aombe sababu kwa maandishi. Ni haki yake kwa kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Pili, amshitakie mkubwa wa karani yule, kwani sheria ya mwaka 2015 iliyotokana na kifungu hicho yataka njia za ndani zimalizwe kwanza. Tatu, asiposikizwa, aende Mahakama Kuu, ambayo kwa kifungu cha 165 yazisimamia mahakama za chini, na ya Kadhi ni mojawapo. Huko aombe kukataa kule kubatilishwe, na karani aamrishwe kuipokea hati. Ombi la kubatilisha lisipite miezi 6.

Lakini jueni kuwa Mahakama Kuu hapo haigawi mirathi. Yauliza jambo moja tu: mlango ulifungwa kwa sheria, au kwa matakwa ya mtu? Na kama kasoro ni ya hati yenyewe, kuitengeneza leo ni bora kuliko kesi ndefu. Anyamazaye asiulize sababu amejidhulumu mwenyewe.