SOMO: Asilimia Moja ya Askari Wastaafu

Wanakikundi, Desemba 2013 Marekani ilipitisha sheria ya bajeti. Ndani yake kulikuwa na kifungu kidogo: askari mstaafu asiyefika miaka 62, nyongeza yake ya kila mwaka ipunguzwe asilimia 1. Nyongeza hiyo ndiyo huifanya pensheni ifuate bei za vitu.

Asilimia moja si kitu, mtu atasema. Haya, pigeni hesabu. Aliyestaafu na miaka 42 angekatwa mara 20. Mwishowe angepokea karibu moja kwa tano pungufu! Akifika 62 pensheni ingerekebishwa, lakini zilizokatwa hazirudi ng'o.

Vyama vya wastaafu viliwabana wabunge. Hoja yao: mtu ametumika miaka 20 kwa ahadi fulani, mbona ahadi ibadilishwe kazi imeshaisha? Februari 2014 Seneti ilipiga kura 95 kwa 3, kifungu kikaondolewa. Lakini kwa walioingia jeshini kabla ya 2014 tu. Wageni waliachwa nje, na mimi naona huo ni ushindi nusu.

Jadilianeni: kikundi kikibadilisha masharti ya akiba, wanachama wa zamani wafuate yapi?