Kutoka Shambani hadi Jaridani: Njia ya Kufundisha Magonjwa ya Muhogo

Utangulizi

Mara nyingi magonjwa ya mimea hufundishwa katika shule zetu kama orodha: jina la ugonjwa, dalili zake, na namna ya kuuzuia. Mwanafunzi huikariri orodha hiyo, huijibu katika mtihani, kisha huisahau. Hapati nafasi ya kuuliza mambo hayo yalijulikanaje, nani aliyaandika, na kwa nini yamechukua muda mrefu kumfikia mkulima. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi mwalimu anavyoweza kuyatumia maswali hayo kufundishia Darasa la Tano au la Sita.

Tumeuchagua muhogo kwa sababu mbili. Kwanza, ni chakula cha watu wengi wa Afrika Mashariki, na ni akiba yao mvua inapokosekana. Pili, sehemu kubwa ya historia ya utafiti wa magonjwa yake ilianzia nchini mwetu, nayo imeandikwa kwa miaka na majina.

Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua

Magonjwa makuu ya muhogo kwetu ni mawili, nayo yote husababishwa na virusi. La kwanza ni batobato. Majani machanga hupata mabaka ya kijani na manjano, hujikunja, na mmea hudumaa. La pili ni michirizi ya kahawia. Hili ni la hila zaidi. Majani ya chini huwa na manjano kandokando ya vishipa, ilhali majani ya juu yaweza kuonekana mazima. Mkulima hutazama shamba lake akaridhika, na siku ya kuvuna hukuta mizizi imeoza kwa ndani, migumu, yenye rangi ya kahawia, isiyofaa kuliwa. Magonjwa yote mawili huenezwa na nzi weupe na kwa kupanda pingili zilizotoka katika mimea migonjwa. Hakuna dawa ya kupulizia inayoponya mmea uliokwisha kuambukizwa.

Sasa na tuangalie jinsi habari hizi zilivyoandikwa. Mwaka 1894 Mjerumani Otto Warburg aliuandika ugonjwa wa batobato alipoeleza mimea ya Usambara. Aliandika kwa Kijerumani. Mwaka 1935 lilianzishwa jarida liitwalo East African Agricultural Journal. Katika jarida hilo, mwaka 1936, H. H. Storey, mtafiti wa kituo cha Amani katika milima ya Usambara Mashariki, aliueleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia kwa mara ya kwanza. Aliandika peke yake. Mwaka 1950 R. F. W. Nichols aliandika humo humo juu ya dalili zake na mahali unapopatikana, yaani pwani na nchi za chini. Mwaka 1957 D. L. Jennings alieleza kazi ya kuzalisha aina za muhogo zinazostahimili virusi. Kutokana na kazi hiyo ya Amani ilipatikana aina ambayo wakulima wetu huiita Namikonga.

Baada ya hapo kalamu zilitulia. Tangu miaka ya 1960 hadi miaka ya 1990 makala juu ya michirizi ya kahawia yalikuwa machache sana. Ugonjwa haukuwa umekwisha. Wakulima wa pwani waliendelea kuikuta mizizi iliyooza. Utafiti ulipofufuka, R. J. Hillocks aliandika mwaka 2003 makala ya kukusanya yote yaliyojulikana, na mwandishi mwenzake alikuwa Jennings yule yule wa mwaka 1957. Ilikuwa imepita miaka 46.

Tangu wakati huo makala yameongezeka kwa kasi. Mwaka 2005 ulichapishwa ushahidi wa majaribio kwamba nzi weupe hueneza virusi vya michirizi ya kahawia. Mwaka 2007 jarida la Plant Disease lilichapisha habari za kuibuka tena kwa ugonjwa huo nchini Uganda, katika nyanda zilizo juu ya mita 1,000, mahali ambapo haukutazamiwa kustawi. Makala hayo yalikuwa na waandishi tisa, na wa kwanza wao alikuwa Titus Alicai wa Uganda.

Mafunzo ya historia hii

Kwa maoni yetu historia hii ina mafunzo matatu. La kwanza, wingi wa maandishi si kipimo cha ukubwa wa tatizo. Ukimya wa majarida haukuwa afya ya mashamba. La pili, utafiti umegeuka kutoka kazi ya mtu mmoja kuwa kazi ya ushirika, na Waafrika wamekuwa waandishi wa utafiti badala ya kuwa watajwa tu ndani yake. La tatu, lugha ya maandishi ilikuwa Kijerumani, kisha ikawa Kiingereza. Bibi alimaye muhogo Mkuranga au Masasi hakuandikiwa yeye. Kati ya jarida na shamba lake pana pengo, na mtu aliye karibu zaidi na pengo hilo ni mwalimu wa shule ya msingi.

Hatua za somo

Hatua ya kwanza: uchunguzi. Wanafunzi wagawanywe katika vikundi vya watu watano. Kila kikundi kichunguze mashina kumi ya muhogo katika shamba la shule na kuandika tarehe, mahali, umri wa mimea, na idadi ya mashina yenye kila dalili. Mwalimu awatahadharishe kwamba majani ya chini huweza kugeuka manjano kwa uzee tu. Rangi moja pekee si ushahidi wa kutosha.

Hatua ya pili: kupasua. Muhogo ukiwa umekomaa, kila kikundi king'oe mashina mawili, moja lenye dalili na jingine lisilo nazo, kisha mwalimu aikate mizizi vipande vipande mbele yao. Wanafunzi walinganishe majani waliyoyaona na mizizi wanayoiona.

Hatua ya tatu: kuandika. Kila kikundi kiandike taarifa yenye sehemu nne: tuliuliza nini, tulifanya nini, tuliona nini, na tunafikiri nini. Mwalimu asisitize kutenganisha sehemu ya tatu na ya nne, kwani hapo ndipo wengi hukosea.

Hatua ya nne: uhakiki. Vikundi vibadilishane taarifa. Kikundi cha pili kirudi shambani na kuyahesabu tena mashina yale yale. Hesabu zikitofautiana, watafute sababu pamoja pasipo kuchekana. Waelezwe kwamba majarida ya sayansi nayo huwapa wataalamu wengine makala wayapime kabla ya kuyachapisha.

Hatua ya tano: kuchapisha. Taarifa zilizohakikiwa zibandikwe ubaoni na kusomwa kwa Kiswahili katika mkutano wa wazazi. Wanafunzi wasitaje shamba la mzazi yeyote kwa ubaya. Baada ya kusoma, wawaamkie wazee kwa adabu na kuwauliza nao wameona nini katika mashamba yao, kisha majibu yaandikwe pamoja na tarehe.

Tahadhari moja ni ya lazima: mwanafunzi yeyote asichukue pingili kutoka mimea migonjwa kwenda nazo nyumbani. Mimea hiyo ing'olewe na kuteketezwa.

Tathmini

Mwalimu atajua kwamba somo limefaulu iwapo mwanafunzi ataweza: (a) kutofautisha batobato na michirizi ya kahawia kwa kutazama mmea, (b) kueleza kwa nini shamba lenye majani mazuri laweza kuwa na mizizi mibovu, (c) kuchagua pingili safi za kupanda na kutoa sababu, (d) kuandika taarifa ambayo mtu mwingine anaweza kuihakiki.

Hitimisho

Mwalimu mwanafunzi asidhani kwamba somo la namna hii linahitaji maabara. Linahitaji shamba, daftari, kisu, na uaminifu wa kuandika kilichoonekana. Habari za michirizi ya kahawia zimekuwamo katika maandishi tangu mwaka 1936, na bado yako mashamba ambayo pingili zake huchaguliwa kwa kukisia. Shule ikiweka kumbukumbu za shamba lake kila msimu na kuzisoma mbele ya wazazi, kijiji kitakuwa na maandishi yake chenyewe, kwa lugha yake, kabla ya msimu wa kupanda kuanza.