Jinsi Waviking Walivyounda Merikebu Zao

Ndugu msomaji, ukisikia Waviking huenda ukawaza juu ya maharamia wenye mashoka tu. Mimi leo nataka nikueleze juu ya shoka lilo hilo, lakini likiwa mkononi mwa fundi. Watu hawa wa Norwei, Denmaki na Uswidi, zaidi ya miaka 900 iliyopita, waliunda vyombo vilivyovuka bahari kuu. Swali langu ni hili: ubao wenye unene wa sentimita 2 hivi utawezaje kuhimili mawimbi?

Jibu la kwanza ni mti wenyewe. Fundi alichagua mwaloni ulionyooka. Hakuupasua kwa msumeno. Aliupiga kabari ukagawanyika nusu, kisha robo, na kuendelea, kila kipande kikielekea kiini cha gogo kama vipande vya keki. Kisha alizichonga mbao kwa shoka. Kwa nini ataabike hivyo? Msumeno hukata nyuzi za mti, lakini kabari huzifuata. Ubao ambao nyuzi zake ni nzima hupindika bila kuvunjika. Tena kazi ilifanywa mti ukiwa haujakauka. Sisi husema samaki mkunje angali mbichi, na hao wa kaskazini nao walilijua jambo hilo!

Jibu la pili ni mpango wa kazi. Kwanza walilaza mkuku, wakasimamisha nguzo za omo na tezi. Halafu walipanga mbao, kila moja ikilalia ile ya chini yake, kama mabati ya paa. Katikati walitia sufu au manyoya yenye lami ya msonobari ili maji yasipenye. Walizishika kwa misumari ya chuma, ncha yake ikipondwa kwa ndani juu ya kibati kidogo. Mataruma yalifuata mbao, siyo mbao kufuata mataruma. Katika merikebu ya Gokstad, mataruma yalifungwa kwa mizizi ya mti kwenye mbao za chini. Basi chombo kilijinyonga pamoja na wimbi badala ya kushindana nalo.

Ati ni porojo? Hebu ngoja. Merikebu ya Gokstad ilifukuliwa Norwei mwaka 1880. Mwaka 1893 Magnus Andersen na mabaharia wake walivuka Atlantiki kwa chombo kilichoundwa kwa mfano wake, wakafika hadi Chicago. Aliona sakafu ya chombo ikipanda na kushuka na mawimbi, na bado kikasafiri salama.

Mafundi wale hawakutuachia kitabu cha kazi yao. Merikebu tano zilipofukuliwa karibu na Roskilde, Denmaki, mwaka 1962, wataalamu walisoma alama za shoka kwenye mbao. Mafundi wa leo wakaunda mfano wa mojawapo, nao ulisafiri hadi Dublin mwaka 2007.

Wenzangu wengi hudhani elimu ni ile ya daftarini tu. Mimi nakataa. Hesabu ya fundi yule ilikuwa machoni na mikononi mwake. Bahati nzuri, matope yalizihifadhi mbao zake. Je, fundi wa mtaani kwenu akifariki bila mwanagenzi, ni nani atakayeufukua ujuzi wake?